Mfuko wa Marehemu Agustino

Mikaeli hakuzima hata injini. Alisimamisha lori barabarani chini ya shamba la pareto la Nahumu Mgaya, likawa linanguruma na kufuka moshi, akatoa kichwa dirishani. "Kamwene wenye nyumba! Yoeli ndiye nani hapa?"

Yoeli alikwisha fika mbio, jembe bado mkononi. Mikaeli akamrushia mfuko wa kitambaa cha amerikani uliofungwa kwa kamba ya katani.

"Pokea mfuko. Ni wewe uliyechaguliwa. Umepewa jina la marehemu Agustino. Jumatatu asubuhi uwe Makambako kwa mjane wake, Mama Telesia, pale hotelini. Anakungoja. Ukichelewa, yuko mwingine nyuma yako."

"Ananingoja kwa ajili ya..." Yoeli alianza kuuliza, lakini Mikaeli alikwisha tia gia, huyoo, kwenda zake Njombe. Siwasemi vibaya madereva, jamani, barabara zile ziliwatesa. Lakini bwana huyu angezima injini kidogo tu akasema maneno yake yote, nyumba ya watu isingepata taabu iliyoipata.

Ilikuwa miaka ile ambayo serikali ya Mwingereza ilikuwa imefungua shule ya ufundi huko Ifunda, upande wa Iringa. Yoeli alifanya mtihani wake, akashinda, akapangiwa ufundi wa magari. Kushinda ni jambo moja, ada ni jambo jingine. Nahumu aliuza mbuzi wake wote, na bado hakufika hata karibu. Akaenda kwa ndugu yake mmoja mwenye duka, akaambiwa akae nje kwanza, wateja ni wengi. Alikaa juu ya gunia la chumvi mpaka jua likazama. Yule ndugu alipotoka na kufuli mkononi alishtuka kumwona. "Ah! Kumbe bado upo?" Nahumu akasema alikuwa anapumzika tu, akaaga, akarudi nyumbani. Hakumsimulia mtu mpaka mkewe Ida alipomwuliza mbona kanzu yake ina chumvi.

Ndipo Mwalimu Lukas wa Kidugala alipomwambia kwamba Makambako kuna mfuko wa ukumbusho wa fundi mmoja aliyefariki, nao unasomesha vijana wanaotaka kazi za mikono. Mwalimu akaandika barua mwenyewe. Nahumu hakuuliza ni mfuko wa namna gani. Alidhani ni mfuko, basi, wenye fedha ndani, uliotundikwa mahali. Na sasa umekuja mfuko kweli, na ni mwepesi.

Wakaufungulia ndani, jikoni, kwa kuwa nje kulikuwa na upepo wa baridi. Walikuwa wanne: Nahumu, Ida, Yoeli, na Anyisile, dada yake mkubwa Nahumu, ambaye alirudi kuishi nao baada ya kufiwa na mumewe. Ida ndiye aliyefungua kamba. Hakukuwa na fedha. Kulikuwa na ovaroli ya buluu, imekunjwa vizuri, na kifuani imetariziwa maneno kwa uzi mwekundu.

"Soma, baba," Ida akamwambia mwanawe. Yeye mwenyewe hakujua kusoma zaidi ya namba za nyimbo kanisani.

Yoeli akasoma kwa sauti ya furaha. "Agustino Msigwa!"

Anyisile akaweka mwiko chini. "Hebu soma tena."

"Agustino Msigwa, shangazi."

"Ngoja. Nguo ina jina la marehemu. Wewe umepewa jina la marehemu. Na mjane wa marehemu anakungoja Makambako." Akamtazama Yoeli kwa huruma, kama anayetazama mtu aliyeanza kuugua. "Maskini mwanangu. Hukuchaguliwa kusoma. Umerithishwa."

Lo! Msomaji asiyekulia kwetu asicheke. Mtu mwenye mji wake, yaani nyumba na watu wake, akifa, matanga yakiisha, wazee walikaa wakamchagua mmoja, wakamvika nguo ya marehemu na kumwita kwa jina lake. Tangu siku hiyo, mji ule ni wake. Watoto wanamwita baba, mjane anampikia, na yote yaliyomwandama marehemu yanamwandama yeye. Wachungaji walikwisha yakataza mambo hayo zamani. Kanisani watu waliitikia amina, na nyumbani waliendelea polepole, bila kelele.

"Lakini nguo yenyewe mpya, dada," Nahumu akajaribu. "Itazame. Haijavaliwa."

"Labda ya zamani ilichanika. Jina je, nalo ni jipya?"

Yoeli akacheka. "Mimi nirithi mama mzima wa Makambako? Shangazi, na wewe! Mama, mimi hata wakiniita Farao, nakwenda. Nataka kusoma."

"Nyamaza," Ida akasema. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo wote walinyamaza. "Huyo Agustino alikufaje?"

Yoeli akatazama chini. Alikuwa anajua, Mwalimu Lukas alimwambia. "Lori lilimlalia, mama. Alikuwa chini yake anatengeneza."

Ida akaikunja ile ovaroli taratibu, akairudisha mfukoni, akafunga kamba. Wote mle ndani walijua anawaza nini. Mtoto wake wa kwanza alipewa jina la Efraimu, mdogo wake Nahumu aliyekufa kwa kifua. Mtoto naye kifua kikamshika, akafa bado anajifunza kuhesabu. Pale kaburini Ida hakulia sana, alisema tu, "Mlimpa jina na ugonjwa wake." Tangu hapo hakuna mtu aliyemgusia habari za majina. Na Yoeli ndiye pekee aliyebaki.

"Mama Yoeli," Nahumu akasema, "sisi ni watu wa kanisa."

"Ndiyo. Hata Efraimu alibatizwa." Akasimama. "Jumamosi nitaurudisha mfuko wa watu. Mimi mwenyewe. Mwanangu hatakwenda kulala chini ya malori na jina la mtu aliyefia huko."

Yoeli akatoka nje, akaliokota jembe, akarudi shambani ingawa giza lilikuwa linaingia. Walimsikia akilima kwa hasira. Nahumu alibaki amekaa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alitamani mkewe awe mjinga kidogo.

*

Waliondoka alfajiri ya Jumamosi kwa miguu, Nahumu mbele, Ida katikati na mfuko kichwani, Yoeli nyuma. Nahumu alisema anamsindikiza mkewe. Yoeli naye chini ya koti alikuwa amevaa shati lake zuri, na sanduku lake dogo la mbao alikuwa amelificha kwa rafiki yake kando ya barabara, walipofika pale akalichukua. Mama yake akaliona.

"La nini hilo?"

"La kubebea mahindi ya kurudi nayo."

"Makambako tunakwenda kununua mahindi?"

"Huwezi kujua, mama."

Ida akageuka mbele ili mtoto asimwone akitaka kucheka. Kisha akakumbuka safari yao ni ya nini, na hamu ya kucheka ikamwisha. Kabla ya kuingia mjini walishuka mtoni, akaosha miguu yake na kujifunga kitenge upya. Hakutaka watu wa pale njia panda waseme wamekuja washamba kuomba.

Hoteli ya Telesia ilikuwa chumba kimoja cha udongo na mabati, benchi nje, benchi ndani, harufu ya maandazi na ya mafuta ya magari pamoja. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, rozari shingoni, mikono imejaa unga. Alipomwona Yoeli hakuhitaji kuambiwa.

"Ndiye huyu! Na wazazi wake! Jamani, mmekuja mapema hivi? Kamweneni, karibuni, kaeni. Miguu yote hiyo!" Akapiga makofi taratibu ya kukaribisha, akainama, akakimbilia jiko. Mara vikombe vitatu vya chai ya maziwa vikawa mezani, na sahani ya maandazi ya moto.

Yoeli akanyoosha mkono. Mama yake akauzuia kwa jicho. Hata Nahumu, aliyetembea tangu alfajiri, alikitazama kikombe tu. Ida aliogopa kwamba mwanawe akila chakula kilichopikwa na mjane yule, shauri litakuwa limekwisha.

Telesia akarudi, akaona vikombe vimejaa. "Mbona hamnywi? Chai mbaya?"

"Chai ni nzuri, mama," Ida akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, akakitafuta neno kwa neno. "Tunashukuru. Tunashukuru sana. Lakini tumeurudisha mfuko." Akauweka mezani, mbele ya maandazi.

Telesia aliutazama ule mfuko kwa muda. Uso wake ukabadilika, ukawa mgumu, ukazeeka palepale.

"Hata ninyi," akasema.

"Mama..."

"Hata ninyi hamlitaki jina lake! Sema basi, ni kwa sababu gani? Kwa sababu alikuwa Mkatoliki? Au mmekwenda kusikiliza ndugu zake? Walisimama hapa hapa, matanga hayajapoa, wakachukua baiskeli, wakachukua spana, wakang'oa hata mlango wa banda lake! Nikawauliza, na jina lake nani analichukua? Wakacheka. Wakasema jina la mtu asiye na mtoto wala ng'ombe litachukuliwa na nani, livaliwe na nani. Mama yake mzazi yupo hai hadi leo. Nikimsalimia njiani anatazama pembeni, anasema nimeiacha nyumba ya mwanawe tupu." Akajifuta macho kwa mkono wenye unga, uso ukawa mweupe upande mmoja. "Nikasema sawa. Ndugu hawamtaki, nitampa mtoto wa watu anayetaka kusoma. Madereva wakachanga, nami nikachanga fedha za maandazi yangu. Na sasa mmekuja kwa miguu mpaka hapa kunirudishia."

Nahumu akainamisha kichwa kwa aibu. Alijua kukaa nje ya duka kulivyo, na aliona kwamba leo wao ndio wamemkalisha mtu nje. Lakini Ida hakukubali kirahisi. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mtoto wake.

"Mama, usikasirike. Nisikilize na mimi," akasema. "Nilikuwa na mwingine. Alipewa jina la marehemu, akafa kifo cha marehemu. Huyu ndiye niliyebaki naye. Ukiniomba jembe langu nakupa. Ukiniomba shamba, nitasema na baba yake. Lakini sina mtoto wa kurithi mji wako."

"Kurithi mji wangu?"

"Si umempa nguo na jina? Si umesema unamngoja?"

Telesia akamtazama Ida. Akamtazama Yoeli, na masikio yake makubwa, na kidevu ambacho hakijaota hata unywele. Kisha akalishika benchi.

"Yesu na Maria! Huyu? Anirithi mimi? Mtoto huyu hata kuosha shingo sijui kama anaosha!" Kicheko kikamtoka, kikachanganyika na machozi yaliyokuwa yameanza, asijue ashike kipi. "Nani aliwaambia maneno hayo?"

Yoeli, aliyekuwa ameiva kwa aibu, akasema, "Mikaeli. Alisema nimepewa jina la marehemu, na mjane ananingoja."

"Mikaeli!" Telesia akapaza sauti kuelekea uani. "Mikaeli, njoo hapa haraka!"

Mikaeli akaja na andazi mdomoni. Telesia akamwuliza aliwaambia nini watu hawa. Akajibu aliwaambia kama alivyotumwa. Akaulizwa habari za ada alisema? Za blanketi na sanduku la vyombo vya kazi? Kwamba madereva wote watakuja Jumatatu kumuaga kijana? Mikaeli akameza. "Injini ilikuwa inachemka, mama," akasema.

"Kichwa chako ndicho kilichochemka! Umeniletea wazazi wa watu wakidhani nimemwoa mtoto wao!"

Hapo Nahumu alishindwa. Alicheka mpaka akakohoa, na kwa kuwa alikuwa anakohoa akachukua kikombe cha chai akanywa. Hakuna aliyemkataza. Yoeli akaona hiyo ndiyo ruhusa, akavuta sahani.

Ida peke yake hakucheka. "Basi hakuna kurithi," akasema. "Nimefurahi, na nimeona haya. Lakini jina lipo palepale kifuani. Na alikufa chini ya lori."

Telesia akaja kukaa karibu naye, bega kwa bega kwenye benchi, akapunguza sauti.

"Mama, unajua kwa nini alikufa? Hakufundishwa. Alianza utingo, akajifunza magari kwa kupapasa tu, leo hiki, kesho kile. Siku ile aliinua lori kwa jeki, akaingia chini. Jeki ikateleza. Baadaye akapita fundi mmoja kutoka Iringa, aliyesoma shule, akauliza, magogo yako wapi? Mbona hakuweka magogo ya kuzuia magurudumu yasiende? Nikamwuliza, magogo gani? Akasema shuleni hilo ndilo jambo la kwanza wanalofundishwa. La kwanza, mama! Hakuna aliyemwambia. Miaka yote ile hakuna mtu aliyemwambia." Akaugusa ule mfuko mezani. "Ndiyo sababu ya mfuko huu. Nataka kila anayevaa jina lake awe anajua. Kifo chake nimebaki nacho mimi, sikukitia humo. Humo nimetia jina tu."

Ida alikuwa anatazama mikono yake. Alimfikiria Efraimu, na miaka yote aliyolichukia lile jina, kumbe mtoto wake alikuwa na kifua tu, na hawakuwa na wa kuwaambia la kufanya. Hasira aliyoibeba siku nyingi ikamlegea, na palipokuwa na hasira pakabaki huzuni ya kawaida, ambayo angalau mtu anaweza kuishi nayo.

Akaufungua ule mfuko mwenyewe. "Yoeli, simama. Vua koti."

Yoeli akavaa ovaroli juu ya shati lake zuri. Ilikuwa kubwa, mikono ikamfunika vidole. Telesia akapiga magoti akamkunjia miguu ya suruali, akainuka, akalisoma lile jina kifuani.

"Utaweka magogo?" Ida akamwuliza mwanawe.

"Nitaweka, mama."

"Hata ukiwa na haraka? Hata bwana mkubwa akikupigia kelele?"

"Hata hivyo."

Nahumu akasimama kutoa shukrani kama ilivyompasa mwenye nyumba. Alikuwa amepanga maneno tangu Mwalimu Lukas alipoandika barua, lakini hayakuja. Akapiga makofi tu, taratibu, akiinama, mara nyingi kuliko desturi, mpaka Telesia akamwomba akae.

"Shukrani za baba zimetosha," Ida akasema. "Zangu bado. Mama Telesia, niambie. Kama mume wako ndiye huyu kifuani kwa mwanangu, mimi ni nani kwako?"

Telesia akapepesa macho. Hakuelewa.

"Mimi ni mama mkwe wako," Ida akasema, uso mkavu kabisa. "Na tangu nimefika hapa hujanisalimia vizuri. Mkwe gani anasalimia mama mkwe amesimama kama askari?"

Mikaeli akaangua kicheko mlangoni. Telesia naye alianza kucheka, kisha akaacha. Akautazama uso wa Ida, akaona mzaha upo, na chini ya mzaha pana kitu kingine. Akajifuta mikono kwenye kanga. Akapiga magoti yote mawili kwenye sakafu ya udongo, akainamisha kichwa, akaunganisha viganja.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu," Ida akaitikia. "Huyu mtoto mwache akasome. Mambo ya kurithi nitayabeba mimi."

*

Walilala kwa Telesia, na Jumatatu madereva walikuja kweli. Walimpakia Yoeli juu ya lori la Iringa na blanketi lake na sanduku lake, ambalo sasa lilikuwa limejaa maandazi. Walimwita Agustino kwa utani, akaitika, na mama yake alisikia asitetemeke. Nahumu alilifuata lori mbio hadi lilipokata kona, mtu mzima yule, bila haya.

Kisha wasafiri wa kuelekea Njombe wakajaa hotelini, na Telesia akarudi kwenye birika lake. Mmoja akamwona mwanamke mgeni amekaa pale ndani karibu na jiko, mahali ambapo mteja hakai, anamenya viazi.

"Nani huyo, Mama Telesia? Si ulisema huna watu?"

"Mama mkwe wangu," Telesia akajibu. "Amekuja kunitazama."

Ida akaonja chai, akakunja uso. "Majani mengi, sukari hamna," akasema, kwa sauti ya kusikika na wateja wote. "Nani alikufundisha kupika chai hivi?"

"Hakuna, mama," Telesia akasema, na macho yakamjaa machozi. Akaongeza sukari.